Hastenbeck, 1757: siku majemadari wawili walipokimbiana

Mchana wa tarehe 26 Julai 1757, nje kidogo ya mji wa Hameln, ukingoni mwa mto Weser kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Ujerumani, majeshi mawili yalikuwa yakipigana tangu asubuhi. Jemadari wa upande mmoja akaona mambo yameharibika, akaamuru watu wake warudi nyuma. Jemadari wa upande wa pili, asijue lolote kuhusu amri ya mwenzake, naye akaona mambo yameharibika, akaamuru watu wake warudi nyuma. Aliyetangulia kuondoka ndiye aliyeandikwa kuwa ameshindwa. Aliyechelewa alikuta mwenzake keshaondoka, akafuta amri yake, akawa mshindi.

Hilo ndilo pigano la Hastenbeck. Ndani ya Vita vya Miaka Saba (1756 hadi 1763) halina ukubwa wa Rossbach wala Leuthen, na waandishi wengi hulipita mbio ili wawahi kumfuata Friedrich, mfalme wa Prussia, kwenye mapigano yake yenye sifa. Mimi nimekaa nalo kwa sababu linaonyesha peupe jambo ambalo kwingine hufunikwa na moshi na hesabu ya maiti: jemadari wa karne ile alikuwa akipigana na picha ya adui aliyochorewa na matarishi wake, na picha hiyo mara nyingi ilikuwa imeshapitwa na wakati alipoipokea.

Tuanze na sababu ya Wafaransa kufika huko, maana hawakuwa na ugomvi wowote na wakulima wa bonde la Weser. Mfalme George II wa Uingereza alikuwa pia mtawala wa Hanover, nchi aliyozaliwa na ambayo aliipenda kuliko wanasiasa wa London walivyotaka. Ufaransa na Uingereza zilikuwa zikigombania makoloni ng'ambo ya bahari, na baharini Mwingereza alikuwa na nguvu zaidi. Lakini Hanover ilifikika kwa miguu. Ufaransa, iliyokuwa imefunga urafiki mpya na Austria mwezi Mei 1756, ilikusudia kuitwaa nchi hiyo na kuishika kama rehani: siku ya kukaa mezani kuzungumzia amani, irudishe Hanover na kudai chochote itakachokuwa imepoteza kwingine. Hesabu ilikuwa nzuri. Katika majira ya kuchipua ya 1757 jeshi kubwa la Kifaransa likavuka mto Rhine.

Wa kuizuia safari hiyo lilikuwa lile lililoitwa Jeshi la Uangalizi. Jina lenyewe linakwambia jinsi lilivyofikiriwa: likae, litazame, lisianze vita. Lilikuwa jeshi la kuchangachanga, la Wahanover kwa wingi, kisha watu wa Hesse-Kassel na Brunswick, na vikosi vidogo kutoka Saxe-Gotha na Bückeburg. Hapakuwa na hata rejimenti moja ya Kiingereza, ingawa jemadari wake alikuwa mwana wa mfalme wa Uingereza. Prussia, mshirika wa Uingereza, nayo ilikuwa imetoa vikosi vichache, ila tarehe 18 Juni Friedrich alipigwa vibaya na Waaustria pale Kolin, akahitaji kila mtu wake, akawaita nyumbani. Walipoondoka, jeshi lililobaki lilikuwa na watu kama 35,000.

Jemadari huyo alikuwa William Augustus, Duke wa Cumberland, mwenye umri wa miaka 36, mnene, na mguu wake mmoja ulikuwa ukimsumbua tangu ajeruhiwe kwenye pigano la Dettingen mwaka 1743. Waskoti wanamkumbuka kwa jina la Mchinjaji, kwa yale aliyowatendea waasi baada ya Culloden mwaka 1746. Hiyo Culloden ndiyo ushindi wake pekee wa maana. Mbele ya Wafaransa, akiwa ndiye mkuu wa jeshi, alikuwa ameshindwa Fontenoy mwaka 1745 na akashindwa tena Lauffeld mwaka 1747. Si kwamba alikuwa mwoga. Fontenoy alisimama kwenye risasi pamoja na askari wake na hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Lakini mtu aliyekwisha kupigwa mara mbili na adui yule yule hamtazami adui huyo kwa macho ya mgeni, na nadhani tusiliweke mbali jambo hilo tunapofika kwenye saa ile ya mchana.

Upande wa pili alikuwapo Marshali d'Estrées, mzee aliyepita miaka 60, mjukuu wa Louvois, yule waziri wa vita aliyemjengea Louis XIV jeshi lake. D'Estrées alikuwa mtu wa taratibu. Jeshi lake lilihitaji mkate na majani ya farasi kwa maelfu ya magari, na yeye hakukubali kupiga hatua mbele kabla maghala hayajajaa nyuma. Huko Versailles taratibu hiyo ilionekana uzembe. Wakubwa walinong'ona, barua zikaandikwa, na kabla hata pigano halijapiganwa mahakama ya mfalme ilikuwa imeshaamua kumwondoa na kumpa nafasi yake Marshali Richelieu, aliyekuwa na sifa mpya ya kuwatoa Waingereza katika kisiwa cha Minorca mwaka 1756. D'Estrées, kwa maneno yetu, alikuwa amekalia kuti kavu.

Cumberland alirudi nyuma kutoka upande wa Bielefeld mwezi Juni, akavuka Weser, akaufanya mto kuwa ukuta wake. Katikati ya Julai Wafaransa wakauvuka mto huo huo upande wa juu, kusini mwa Hameln, karibu bila kuzuiwa. Hilo ni kosa la kwanza na ni la kawaida: mto mrefu hauzuii jeshi ikiwa huwezi kuwepo kila mahali penye kivuko. Ikabidi sasa Cumberland achague ama kupigana, ama kuiacha Hanover yote. Akachagua kupigana, na akachagua Hastenbeck.

Mahali penyewe panahitaji kuelezwa polepole, kwa kuwa kila kilichotokea baadaye kimelala ndani ya ardhi hiyo. Mchukulie Cumberland amesimama nyuma ya mstari wake, Wafaransa wakimjia kutoka kusini. Mkono wake wa kulia una Hameln yenye ngome na mto Weser, na ardhi ya upande huo ni chepechepe. Hakuna mtu wa kupita huko. Mbele yake katikati pana kijiji cha Hastenbeck na kijito chake. Mkono wake wa kushoto panainuka Obensburg, mlima uliofunikwa na msitu mnene, wenye miteremko mikali na makorongo. Kati ya kijiji na mguu wa mlima alipanga mizinga yake mikubwa nyuma ya maboma ya udongo, ili yeyote atakayejaribu kupita kwenye uwazi ule apokewe kwa moto.

Kwa karatasi, ni nafasi safi. Kulia maji, katikati kijiji na mizinga, kushoto mlima. Adui mwenye watu wengi zaidi analazimika kuja kwa mbele, kwenye upenyo mwembamba, na wingi wake hauna kazi. Kasoro ni moja, nayo inategemea neno moja: je, mlima ule ni ukuta au ni ngazi? Cumberland aliuhesabu ukuta. Juu yake aliweka wawindaji tu, kombania chache za askari wa shabaha waliozoea misitu, wazuri kwa kuchungulia na kudonoa, wasio na uzito wa kuzuia brigedi.

Tusimcheke haraka. Askari wa miguu wa wakati ule walipigana wakiwa wamesimama bega kwa bega, safu tatu, wakifyatua kwa amri. Nguvu yao yote ilikuwa katika ule mstari ulionyooka. Ukiwaingiza msituni mstari unavunjika, ofisa haoni zaidi ya watu ishirini, ngoma hazisikiki vizuri, na batalioni inageuka kundi. Ndiyo maana majemadari wengi waliona mlima wenye msitu kama mwisho wa uwanja. Cumberland aliwaza kama wenzake walivyowaza.

Bahati mbaya yake ni kwamba upande wa pili alikuwapo mtu ambaye hakulelewa kama wenzake. François de Chevert, mzaliwa wa Verdun, hakuwa mtoto wa ukoo mkubwa. Katika jeshi ambalo vyeo vilifuata damu, yeye alipanda kwa kazi mpaka akafika luteni jenerali, jambo la nadra sana. Mwaka 1741 alikuwa miongoni mwa walioongoza kuuvamia mji wa Prague usiku kwa ngazi, na baadaye akaushikilia mji huo dhidi ya Waaustria kwa watu wachache na wagonjwa. Mtu aliyepanda kuta za Prague gizani hawezi kuambiwa kwamba mlima wa Obensburg haupandiki.

Tarehe 25 Julai Wafaransa walifika mbele ya mstari wa Cumberland, wakapima ardhi, wakarushiana mizinga. Usiku huo d'Estrées akampa Chevert brigedi za Picardie, Navarre na La Marine, rejimenti za zamani zenye majina mazito katika jeshi la Ufaransa, azungushe kupitia kijiji cha Voremberg na kuukwea mlima kutoka ubavuni. Mpango ulikuwa mwepesi kuueleza: Chevert apige kushoto kwa Cumberland, na adui akishageuza macho huko, jeshi zima lisukume katikati. D'Estrées alikuwa na takriban watu 60,000. Angeweza kugawanya jeshi na bado mbele akabaki na wengi kuliko wa Cumberland wote.

Asubuhi ya tarehe 26 mizinga ikaanza, na yapata saa tatu Chevert akaingia msituni. Wawindaji walifyatua na kurudi nyuma, wakafyatua tena na kurudi. Cumberland aliposikia bunduki nyingi kule juu akatambua kwamba ukuta wake una watu wanaoupanda, akapeleka magrenadia, askari wateule wa miguu, kuwazuia. Walikuwa askari hodari, ila walichelewa na walikuwa wachache. Hatua kwa hatua Chevert akawasukuma, na wakati huo vikosi vingine vya Kifaransa vilikuwa vikimfuata na kuujaza mlima.

Hapo ndipo pigano lilipogawanyika kuwa mapigano mawili yasiyoonana. Juu, ndani ya miti, watu walikuwa wakiuana kwa umbali wa hatua chache, bila yeyote kuona kundi zima. Chini, kwenye uwazi, d'Estrées alianza kusukuma katikati. Rejimenti ya Champagne na Waswisi wa rejimenti ya Reding wakaifikia ile mizinga mikubwa kati ya kijiji na mlima, wakaiteka.

Cumberland alitazama kushoto, akaona moshi wa msituni ukisogea upande usiotakiwa. Akatazama mbele, akaona mizinga yake imechukuliwa. Kwa mtu aliyejifunza vita Fontenoy na Lauffeld, hadithi ilikuwa imeshaandikwa: ubavu umevunjika, mlima uko mikononi mwa adui, dakika chache zijazo mizinga ya Kifaransa itakuwa juu ikipiga mstari wake kwa urefu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Akatoa amri ya kuondoka kuelekea Hameln.

Kilichofuata ni mambo mawili, na yote mawili yalifanywa na watu ambao picha yao ya vita ilikuwa tofauti na ya jemadari wao.

La kwanza lilikuwa pale kwenye mizinga. Karl Wilhelm Ferdinand, mrithi wa Brunswick, kijana wa miaka 21 na mpwa wa Friedrich wa Prussia, aliwachukua askari wa Brunswick na Hanover waliokuwa karibu naye, akaenda kwa singe, akawatoa Wafaransa, akairudisha mizinga. Jina lake likaanzia hapo; miaka 49 baadaye, akiwa mzee na jemadari mkuu wa Prussia, angepigwa risasi Auerstedt mbele ya jeshi la Napoleon na kufa kwa jeraha hilo. Siku ya Hastenbeck hakuna aliyemuunga mkono kwa wakati. Amri ya kurudi ilikuwa imeshatoka.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mbali upande wa kushoto, nje ya macho ya makao makuu, Kanali Breidenbach alikuwa na batalioni tatu za Hanover, na karibu naye Dachenhausen alikuwa na wapanda farasi. Walifika Obensburg kwa upande ambao Wafaransa hawakuutazamia, kwa ubavu na mgongo wa wale wale waliokuwa wakimzunguka Cumberland. Fikiria hali ya askari wa Kifaransa wakati huo. Ameshapanda mlima, amechoka, anaamini adui yuko mbele na anakimbia. Ghafla risasi zinatoka nyuma. Isitoshe, Wahanover walivaa makoti mekundu, na Waswisi wa jeshi la Ufaransa nao walivaa mekundu. Kwenye moshi na miti, ni nani anayejua yupi ni yupi? Vikosi vya Kifaransa vilivyokuwa juu vikavurugika. Breidenbach akateka mizinga na bendera.

Habari zikashuka mlimani kwa njia ambayo habari mbaya hushuka: kila aliyezipokea akaziongeza. Zilipomfikia d'Estrées, batalioni tatu zilikuwa zimekuwa safu kubwa ya adui iliyotokea nyuma ya jeshi. Aliyezileta kwa uzito wa cheo chake ni mnadhimu mkuu wa jeshi, Maillebois. D'Estrées hakuweza kuona msituni kama ambavyo Cumberland hakuweza. Akafanya alichofanya Cumberland: akaamuru kurudi nyuma.

Kwa hiyo kwa muda fulani mchana ule, majeshi mawili yenye jumla ya watu zaidi ya 90,000 yalikuwa yakijiandaa kuachiana uwanja. Hakuna jemadari aliyekuwa mjinga na hakuna aliyekuwa amesikia uongo mtupu. Kweli Cumberland alikuwa amezungukwa kushoto. Kweli d'Estrées alikuwa amepigwa mgongoni. Kila mmoja alikuwa na nusu ya kweli iliyomhusu mwenyewe, na nusu iliyomhusu mwenzake ilikuwa ndani ya miti.

Kilichoamua ni saa. Amri ya Cumberland ilikuwa imeshatekelezwa kwa sehemu kubwa; vikosi vyake vilikuwa njiani kwenda Hameln, na kurudisha jeshi lililokwisha kugeuza mgongo ni kazi ngumu kuliko kulizuia lisigeuke. Amri ya d'Estrées ilikuwa bado mbichi. Wafaransa waliokuwa mbele walipoona adui anaondoka, taarifa ikarudi kwake upesi, amri ikafutwa. Breidenbach, aliyekuwa ameshinda pigano lake, akajikuta peke yake mlimani bila jeshi nyuma yake. Akashuka na mizinga aliyoiteka, na bendera, akaondoka.

Ukihesabu miili, mshindi alipata hasara kubwa kuliko mshindwa. Wafaransa waliouawa na kujeruhiwa walikuwa takriban 2,300, na upande wa Cumberland waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walikaribia 1,300. Jeshi lililopoteza mtu mmoja kati ya kila 27 halijavunjika. Jioni ya tarehe 26 Julai Cumberland alikuwa na karibu kila alichokuwa nacho asubuhi.

Hapa natofautiana na wanaolaumu ile amri ya kurudi nyuma peke yake. Kwa alichokiona, kuondoka kulikuwa na mantiki. Hanover ilikuwa na jeshi moja tu. Likifa pale, hakuna la pili. Hata kama angejua habari za Breidenbach, Wafaransa walikuwa karibu mara mbili yake, na wangeweza kujikusanya upya na kurudi kesho yake. Kosa la siku ile ninaliweka mapema zaidi, jioni ya tarehe 25, alipoliacha swali la mlima bila kulijibu. Hakuhitaji watu wengi kule juu. Batalioni tano au sita zikiwa juu ya Obensburg kabla ya Chevert kufika zingetosha kumfanya mpandaji awe ndiye anayechelewa. Na kama hakutaka kuwapeleka, angalau angeweka maofisa wapanda farasi kati ya mlima na makao makuu ili kila robo saa apate neno. Alikuwa na jeshi la wapanda farasi ambalo sehemu kubwa halikupata kazi siku ile, kwa kuwa ardhi aliyoichagua haikuwapa nafasi.

Kosa lililomwangamiza, hata hivyo, lilikuja baada ya pigano. Kutoka Hameln alikuwa na njia mbili. Moja ilielekea mashariki, Magdeburg, kwenye ngome ya Prussia na kwa mshirika wake. Nyingine ilielekea kaskazini, Nienburg, Verden, na mwisho Stade karibu na mto Elbe, ambako manowari za Kiingereza zingeweza kufika. Alikwenda kaskazini. Sababu za kufanya hivyo zilikuwepo: baba yake hakutaka jeshi la Hanover liwe mkia wa jeshi la Friedrich, na bahari ilikuwa mlango wa chakula na baruti. Lakini kila hatua ya kaskazini ilimwingiza kwenye kona yenye mto mbele na bahari nyuma. Hameln ikasalimu amri siku chache baada ya pigano. Mwezi Agosti Wafaransa wakaingia mji wa Hanover wenyewe. Manowari zilizotarajiwa hazikuweza kumbadilishia hali.

Mapema Septemba, kwa upatanishi wa Lynar, mtumishi wa mfalme wa Denmark, Cumberland akakubali mkataba wa Klosterzeven. Askari wa Hesse na Brunswick warudi makwao, Wahanover wakae upande wa Stade, vita vimekwisha kwa upande wao. Jeshi la watu zaidi ya elfu thelathini likaondolewa vitani kwa wino, wiki sita tu baada ya pigano ambalo halikuwa limelivunja.

George II aliposoma alighadhibika. Mwanawe alipofika London, mfalme alisema mbele ya watu waliokuwapo kwamba huyo mtoto amemharibia na kujifedhehesha. Akadai hakumpa amri ya kufunga mkataba wa namna ile. William Pitt, ambaye hakuwa rafiki wa Cumberland hata kidogo, ndiye aliyemkumbusha mfalme kwamba kama hakumpa amri, alimpa mamlaka kamili, na tena mapana. Ni moja ya maneno machache ya haki yaliyosemwa katika kisa hiki chote. Cumberland akajiuzulu vyeo vyake vyote vya kijeshi, hakuongoza tena jeshi vitani, akafa mwaka 1765.

Na mshindi? Habari za ushindi zilikuta Versailles uamuzi wa kumwondoa d'Estrées umeshatolewa. Wiki moja hivi baada ya pigano, Richelieu aliwasili na kuchukua jeshi. D'Estrées akapanda gari kurudi nyumbani akiwa ameshinda na kufukuzwa kwa wakati mmoja. Richelieu alivuna alichopanda mwenzake: Klosterzeven ilitiwa saini chini yake, na nchi ya Hanover ikanyonywa kwa kodi na uporaji mpaka askari wakampa marshali wao jina la utani la baba wa uporaji. Aliporudi Paris akajijengea jumba la starehe la bustanini, na watu wa mji, waliojua fedha imetoka wapi, wakaliita Jumba la Hanover.

Ila Richelieu alisahau jambo moja, au hakulitilia maanani: mkataba haukueleza vizuri kwamba askari wa Hanover wanyang'anywe silaha. Wakabaki Stade na bunduki zao. Tarehe 5 Novemba Friedrich akawapiga Wafaransa wa jeshi jingine pale Rossbach, na mwezi huo huo George akaukana mkataba. Jeshi lile lile la Hastenbeck, likiwa chini ya Ferdinand wa Brunswick (si yule kijana wa mizinga, bali ami yake), likatoka Stade, na ilipofika mwisho wa Machi 1758 lilikuwa limewarudisha Wafaransa ng'ambo ya Rhine. Mwezi Juni likawafuata huko huko na kuwapiga Krefeld. Walikuwa wale wale waliodhaniwa wamekwisha. Kilichobadilika ni kichwa kilichowaongoza na imani ya kichwa hicho.

Nimeacha Maillebois mwisho kwa makusudi. Baada ya pigano, marafiki wa d'Estrées walianza kuuliza: je, mnadhimu mkuu alikosea kweli, au alijua Richelieu anakuja na akataka mkubwa wake aaibike kabla hajaondoka? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema kwa Kifaransa chao. Maillebois akajitetea kwa maandishi yaliyomshambulia d'Estrées, na hapo akajichimbia shimo. Shauri likafikishwa mbele ya baraza la mamarshali, akaonekana na hatia, na mwaka 1758 akafungwa katika ngome ya Doullens.

Sijashawishika kwamba ilikuwa njama. Alikuwa na fitina, hilo halina mjadala, na maandishi yake yalikuwa ya chuki. Lakini taarifa aliyoipeleka mchana ule ilikuwa na mzizi wa kweli: Breidenbach alikuwapo kweli, mizinga ilitekwa kweli, na vikosi vya Kifaransa vilikuwa vikikimbia kweli kutoka mlimani. Mtu asiyeona ndani ya msitu, akihesabu wanaokimbia badala ya wanaowakimbiza, atafika kwenye idadi ile ile aliyoifikia Maillebois. Cumberland, umbali wa mwendo mfupi kutoka hapo, alikuwa ameshapiga hesabu ya namna hiyo hiyo bila kusukumwa na mtu yeyote, na hakuna baraza lililomuuliza ni nani aliyemdanganya.